Mke wa Kiti cha Bluu

Jina la Kiraka alipewa na wenzake mwaka wa kwanza pale chuoni, na halikumtoka tena. Kwenye mpira, kiraka ni yule mchezaji unayemtupia popote penye tundu: leo beki, kesho winga, kipa akiumia anavaa glavu. Walipomwita hivyo walikuwa wanamsifu, au angalau walisema wanamsifu.

Alikuwa kijana mrefu, mpana wa mabega, mwenye sauti nzito inayotoka tumboni, na alijaliwa kipaji kimoja kilichokuja kumponza. Akisikia wimbo mara moja anaushika. Akiona mtu anacheza hatua fulani, kesho yake anazicheza yeye, hata pale pa kugeuza shingo hakosei. Mwalimu wa jukwaa, mama mmoja mwembamba asiyejua kusema polepole, alimwona siku ya kwanza akajua matatizo yake yamekwisha. Kila mchezo wa kuimba ulipokuja, wengine walipewa watu wa kuigiza: mfalme, mwizi, baba mkwe. Kiraka akapewa kuwa mbadala. Tena si mbadala wa mtu mmoja, mbadala wa wanaume wote. Kazi yake ilikuwa kujifunza nafasi zao zote, nyimbo zao, hatua zao, mahali pa kuvulia kofia, halafu akae nyuma ya pazia kungoja mmoja wao augue.

Na hao wenzake, Mungu alikuwa amewapa afya ya punda. Hakuugua mtu.

Mapenzi yake kwa jukwaa yalianzia kwenye gurudumu. Alipomaliza shule alikuwa anafanya kazi kwa kaka yake, fundi wa matairi. Siku moja wakaitwa kwenye ukumbi wa chuo: ile ngazi ya mbao inayosukumwa jukwaani imevunjika gurudumu. Kaka akamtuma. Akiwa amelala chali chini ya ngazi, spana mkononi, mwanamume mmoja juu yake akawa anaimba kuhusu mtoto wake aliyefariki. Aliimba mpaka kijana akasahau kukaza nati. Kisha yule mwanamume akakatisha katikati ya neno, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, hii taa inaniunguza kisogo." Wakaisogeza. Naye akaendelea pale pale alipoachia, na kilio kile kile. Kijana alitoka chini ya ngazi akiwa si yule aliyeingia. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuingia kwenye huzuni na kutoka kama anavyoingia na kutoka jikoni, na kila akiingia akute moto unawaka.

"Kuimba?" kaka yake aliuliza alipoambiwa. "Kwani bafuni hapatoshi?"

"Ni chuo, kaka. Kuna cheti."

"Cheti cha kuimba." Kaka alipiga tairi teke kuona kama limejaa. "Haya. Ukishindwa, spana zako zipo."

Sasa mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, maji yakamfika shingoni. Sheria ya chuo ilikuwa haina mjadala: mwanafunzi hapati cheti cha mwigizaji mpaka mtahini kutoka nje amwone akiigiza na kuimba mbele ya watazamaji. Asipoonwa, anapewa cheti cha msaidizi wa jukwaa. Si cheti kibaya. Kinakuruhusu kusukuma ngazi na kuvuta pazia maisha yako yote. Lakini hakuna kundi litakalomwita mwenye cheti hicho kuja kujaribiwa sauti. Wenzake wote walikwisha kuonwa kwenye mchezo uliotangulia. Ulibaki mchezo mmoja, na mtahini angekuja mara moja tu, onyesho la mchana la Jumatano.

Kiraka alimfuata Mwalimu ofisini.

"Mwalimu, nipe hata yule karani wa stesheni. Ana ubeti mmoja tu."

"Nikikupa karani, nani atakuwa mbadala?"

"Atafutwe mwingine."

"Mwingine yupi wa kushika nafasi za watu sita kichwani? Nionyeshe kwa kidole." Mwalimu alivua miwani, akapunguza sauti kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kumkumbatia mtu. "Mwanangu, wewe ndiye unayenifanya nilale usingizi. Vuta subira. Mtu ataugua."

"Na asipougua?"

"Tutaona."

Hiyo "tutaona" ya Mwalimu ilijulikana chuo kizima. Ukiambiwa hivyo, nenda zako ukalale.

Mbadala hapangiwi mazoezi na wenzake. Ukumbi ni wa wenye nafasi, na saa zake ni chache. Mwalimu alikuwa amempa Kiraka stoo iliyopakana na ukumbi, chumba kirefu chenye dirisha moja la juu, kilichojaa mabaki ya michezo iliyopita: mwezi wa maboksi, nusu ya mashua, jeneza ambalo mama mfagiaji alikuwa akihifadhia mafagio yake. Katikati alijisafishia eneo, akabandika utepe wa gundi sakafuni kupima ukubwa wa jukwaa, akakusanya viti vya plastiki. Kila kiti mtu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa fundi saa aliyekwenda kutafuta kazi mbali, akakaa huko miaka, akarudi bila taarifa. Anagonga mlango, mke anafungua, na hapo pana wimbo wa wawili ambao ndio roho ya mchezo. Ukiharibika huo, hata pazia liwe la dhahabu, watu watarudi kwao wakipiga miayo. Kiti cheupe kilichovunjika mkono kilikuwa mama mkwe. Cha kijivu kilikuwa karani wa stesheni. Cha bluu, kilichokuwa kizima kuliko vyote, kilikuwa mke. Kiraka alikifunga kitambaa chekundu juu ya egemeo lake, ili akicheza kwa kuzunguka asimpoteze mkewe kati ya viti vingine.

Akakiimbia kiti hicho asubuhi na mchana, wiki hadi wiki. "Uso wako sikuusahau, nilitembea nao kama taa," alikiambia kiti cha bluu, macho kwenye kitambaa chekundu. Kisha ananyamaza, anahesabu mapigo ambayo mke angejibu, anaitikia kwa kichwa, anaendelea. Akigonga kiti cheupe kwa goti anasema, "Samahani, mama." Mwanzo alisema kwa utani. Baadaye ikawa inamtoka tu.

Siku moja mama mfagiaji alifungua mlango kufuata fagio lake, akasimama.

"Unaongea na nani humu?"

"Na mke wangu."

Mama mfagiaji alikitazama kiti kutoka juu hadi chini. "Mzuri," alisema. "Na haonekani mwenye maneno mengi. Mtunze."

Aliondoka akicheka peke yake, na Kiraka akagundua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu kuliko yote tangu Jumapili.

Si kwamba wenzake walimchukia. Afadhali wangemchukia, maana mtu akikuchukia anakufikiria. Walimpenda kama watu wanavyopenda mlango usiolia. "Vipi Kiraka, mzima?" "Mzima." Basi. Kupitia ukuta wa stoo aliwasikia wakicheka kwenye mazoezi, wakigombana, wakianza upya. Walikuwa wamekwisha kuzoeana mpaka harufu za jasho. Walipomaliza walikwenda kula kwa pamoja mkahawa wa ng'ambo ya barabara, na yeye, ambaye hakuwa na mtu wa kumwambia mazoezi yamekwisha, alitoka stoo akakuta taa za ukumbi zimezimwa. Akiwa peke yake hivyo alizoea kupanda jukwaani na kusimama pale katikati. Haimbi. Anasimama tu, anasikia mbao zinavyolia chini ya uzito wake, anavuta ile harufu ya poda, rangi na vumbi lililochomwa na taa. Alilipenda jukwaa lile namna mtu anavyopenda nyumba ya watu wengine.

Jumatano ikafika, na hakuna aliyekuwa mgonjwa isipokuwa mpenda mpira.

Mpenda mpira huyo ndiye aliyeigiza fundi saa. Walimwita Bosi, kwa sababu alitembea kama jengo ni lake. Jumanne jioni alikwenda uwanjani, timu yake ikafunga dakika za mwisho, naye akaiacha sauti yake kule kule. Asubuhi alifika chumba cha mavazi amejifunga skafu mbili shingoni. Alipofungua mdomo kilitoka kitu kama tairi linalovuja.

"Walifunga mangapi?" aliuliza Babu Kinanda, mzee wa kinanda ambaye hakuwahi kumhurumia mwimbaji hata mmoja.

Bosi akainua kidole kimoja.

"Bao moja limekufanya hivi? Wangefunga matatu leo tungekuwa makaburini."

Watu wakacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Aliangalia huku na huku juu ya vichwa vyao, akamwona aliyekuwa akimtafuta, amesimama mlangoni na nyundo mkononi kwa sababu alitumwa kupigilia zulia.

"Kiraka, vaa."

Koti la Bosi lilimbana mabegani. Mshona mavazi alilipasua mgongoni kwa mkasi bila kuomba ruhusa, akalishikiza kwa pini. "Usiwape mgongo," alimwambia. "Ukiwapa mgongo wataona fulana." Wakati anapakwa poda, Kiraka alimpigia kaka yake simu.

"Leo napanda, kaka."

"Unapanda nini?"

"Jukwaani. Fundi saa mwenyewe. Mtahini anakuja."

Kule upande wa pili mashine ya upepo ilikuwa inanguruma. "Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane nina lori hapa limelala barabarani. Dereva kanishika shati. Nije onyesho jingine?"

"Jingine ni la mwenye nafasi. Langu ni hili tu."

"Lori lina matairi kumi, mdogo wangu," kaka alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi asiyejua maneno yake.

Alipokata simu, binti aliyeigiza mke alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Walimwita Filimbi, kwa ile sauti yake ya juu iliyokuwa inapenya hata mlango uliofungwa.

"Twende tukaupitie wimbo," alisema. "Jukwaa liko wazi mpaka watu waanze kuingia."

"Naujua."

"Najua unaujua, Kiraka. Nasema tuupitie. Mimi na wewe."

"Hakuna haja, dada. Wewe fanya kama kila siku. Utanikuta kila mahali unaponihitaji."

Filimbi akainua mabega, akaondoka. Tusidanganyane: Kiraka hakukataa kwa kiburi. Aliogopa. Kwa miezi alikuwa amezoea mke anayenyamaza anaponyamazishwa, na sasa huyu hapa ana pumzi, ana maoni, anaweza kucheka. Alijiambia kwamba akiwa ndani ya mchezo itakuwa rahisi, kama siku zote. Hakukumbuka kwamba kwake hiyo siku zote haikuwahi kutokea.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wazazi, wanafunzi wa shule za jirani, wafanyakazi wa ofisi waliotoroka kazini, na safu ya tatu, karibu na njia, mama mwenye nywele za mvi na ubao wa kuandikia magotini. Huyo ndiye mtahini. Kiraka alimwona kwa tundu la pazia, akakagua vifungo vya koti mara mbili.

Lakini alipotoka kwenye mwanga, akatulia. Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Aliaga, akafunga sanduku, akaimba ule wimbo wa stesheni peke yake, na ile sauti yake ya tumboni ikafika mpaka viti vya nyuma na kurudi. Makofi yalimpiga kifuani kama upepo wa moto. Pembeni, nyuma ya pazia, Mwalimu alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe. Mtahini aliandika. Kiraka aliona mkono wake ukienda na kurudi, akawaza: naonekana. Huyu mama ananiona.

Ukaja mlango. Akagonga. Filimbi akafungua, amevaa gauni la rangi ya udongo, mikono imelowa unga. Babu Kinanda akaanza polepole.

"Uso wako sikuusahau," Kiraka aliimba, "nilitembea nao kama taa."

Na macho yake yakaenda palepale yalipozoea. Egemeo la kiti cha plastiki, kwa mwanamke mrefu kama Filimbi, linafika tumboni. Aliliimbia tumbo. Aliliimbia kwa mapenzi yote, bila kupepesa, akalizunguka akilitazama, akanyamaza kulisikiliza, akaliitikia kwa kichwa.

Mwanzo watazamaji waliyafuata macho yake. Kisha mama mmoja safu za mbele akamwegemea mwenzake, na kwa kuwa alikuwa wa wale wasioweza kunong'ona, wote wakamsikia.

"Kumbe ana mimba!"

"Mimba ya nani, na mume ndiyo kwanza anarudi?"

"Si ndiyo maana anaiangalia hivyo, masikini!"

"Ya karani!" mwanafunzi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nilimwona karani tangu mwanzo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kiraka alikisikia na hakujua kimetoka wapi. Wazo la kwanza lililomjia ni zipu. Akageuka nusu, akapitisha mkono haraka kukagua, wakaona, wakacheka mara mbili. Kwa kugeuka akawapa mgongo, pini zikaachia, fulana ikatokeza. Sasa hata waliokuwa wanajizuia wakaachilia.

"Macho," Filimbi alimnong'oneza kati ya mistari. "Juu. Niangalie."

Alimsikia. Aliinua macho. Lakini mstari mpya ulipoanza, mwili ulifanya ulichofundishwa, na macho yakateremka tena polepole kama lifti mpaka kwenye kitambaa chekundu ambacho hakikuwepo. Alijiona anateremka na hakuweza kujizuia. Jasho likamtoka. Safu ya tatu, mkono wa mtahini ulikuwa umesimama.

Filimbi hakuwa na njia nyingine. Katikati ya ubeti wake, bila kukatiza sauti, alipiga magoti. Alishuka taratibu, kama mke aliyezidiwa na furaha au aibu, mpaka uso wake ukafika pale macho ya Kiraka yalipokuwa.

Akamwona.

Kwanza aliona tone la jasho juu ya mdomo wake. Kisha macho. Yalikuwa makubwa, yamejaa maji, na yalikuwa na hofu, hofu ya kweli, si ya mke wa fundi saa. Hofu ya binti anayejitahidi asimwangushe mtu mbele ya watu. Tena yalikuwa yanamwangalia yeye. Hayakumwangalia Bosi wala mbadala wa Bosi. Kiraka alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumtazama muda mrefu hivyo, akakosa. Zamu yake ikafika na hakuimba. Maneno yote, ya watu wote sita, yalikuwa yamemtoka kichwani kama maji kwenye karai lililotoboka.

Babu Kinanda akarudia utangulizi. Akaurudia tena, akisema kwa meno yaliyobanwa, "Imba, mtoto wa watu, vidole vyangu vimezeeka." Kicheko kikapungua. Watu wakaanza kufikiri kwamba labda hicho kimya ni cha mchezo.

"Uso wako," Kiraka aliimba, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya tumboni. Ilikuwa ndogo, imekwaruza, na ilichelewa pigo zima. "Uso wako, sikuusahau." Hapo alijua anadanganya, kwa sababu uso huo ndiyo kwanza anauona, na kule kujua kukaingia kwenye wimbo. Aliruka mstari mmoja. Filimbi akauruka naye. Kiraka akamshika viwiko, akamwinua, na uso ulipopanda macho yake yakapanda nao, hayakuuachia, mpaka wakawa wamesimama. Unga wa mikono ya Filimbi ukampaka koti la Bosi mabegani. Hakuna aliyecheka tena, ila yule mwanafunzi wa nyuma, na huyo alipigwa kofi la kisogo na jirani yake.

Wimbo ulipokwisha, watu walipiga makofi. Hawakusimama, tusiseme uongo. Walipiga makofi kama watu waliocheka sana kisha wakaona haya.

Baada ya onyesho mtahini alimwita kwenye chumba cha mavazi. Alikuwa ameketi kwenye kasha la viatu, ubao magotini.

"Wimbo wa mlangoni," alisema. "Ubeti wa kwanza ulikuwa unatazama nini?"

Kiraka angeweza kusema ulikuwa uamuzi wa kisanii. Neno hilo chuoni lilitumika kufunika madudu mengi. "Kiti, mama," alisema.

"Kiti gani?"

Akamweleza: stoo, utepe wa gundi, viti, kitambaa. Mtahini alisikiliza bila kuandika. Alipomaliza, aliuliza, "Muda wote huo hukupewa mtu hata mmoja wa kusimama naye?"

"Hapana."

"Uliomba?"

Kiraka alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vya Bosi. "Leo nilipewa. Nikakataa."

Mtahini akashusha pumzi. "Nikuambie bila kuzunguka. Sehemu ya kwanza umeimba vizuri sana, na sikukuona. Ningeweza kufumba macho nisikose kitu. Ule ubeti wa mwisho umeimba vibaya. Umechelewa, umeruka mstari. Huo ndio uliokupatia cheti. Ni alama ya chini kuliko zote zinazofaulisha. Isingekuwa yule binti kupiga magoti, ungekuwa msaidizi wa jukwaa."

"Ndiyo, mama. Asante, mama."

"Mimi usinishukuru. Nenda kamshukuru yeye."

Alikwenda. Alimkuta Filimbi korido, wenzake wamemzunguka, kila mtu anaigiza kwa zamu mama wa safu za mbele. "Mimba ya nani!" "Ya karani!" Karani mwenyewe alikuwa akiapa kwamba hajui lolote. Walipomwona Kiraka wakamshangilia, wakampiga mgongoni pale penye pini, wakamwambia amewamaliza mbavu. Akacheka nao. Filimbi akajitenga kidogo.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Ulinitisha, ujue. Ulivyonyamaza nikasema leo tumekwisha. Ulikuwa unawaza nini?"

"Sikuwaza. Nilikuwa nakuona."

"Kwani miaka mitatu yote hukuwa unaniona?"

Alitaka kumjibu vizuri. Alitaka kumwambia aje kesho, wakae mahali, amweleze. Lakini mtu aliyekuwa na njaa akapiga kelele kwamba mkahawani meza zinajaa, mkono ukamvuta Filimbi, naye akaenda akimpungia. Labda walidhani anawafuata. Kiraka alibaki kulivua koti la Bosi lisizidi kuchanika, maana Mwalimu alikuwa amekwisha kutangaza kwamba daktari amemtazama Bosi na kesho ataimba, kwa taabu lakini ataimba.

"Mwalimu," Kiraka alimwambia, "nipe hata onyesho moja jingine. Wakati wowote kabla ya Jumapili. Sasa najua pa kutazama."

Mwalimu alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa na huruma, hakuwa na nafasi. "Nafasi ni ya Bosi, mwanangu. Wewe ulichokitaka si umekipata?"

Alikuwa amekipata. Akalitundika koti la Bosi msumarini, akatoka.

Nje jua lilikuwa bado juu. Watazamaji walikuwa wametawanyika, wauzaji wa maji wanafunga makasha. Alikaa ukingoni mwa barabara akampigia kaka yake.

"Enhe, imekuwaje?" Mashine ya upepo ilikuwa kimya. Lori lilikuwa limeondoka.

"Nimefaulu."

"We! Hongera!" Kaka akamtangazia mtu aliye karibu: mdogo wangu kafaulu. "Sasa nisikilize. Kesho sina kazi kubwa, nije nikuone."

"Imekwisha, kaka."

"Imekwisha vipi? Si ulisema wanaendelea mpaka Jumapili?"

"Wao wanaendelea."

Kaka hakuwa mtu wa maneno, na Kiraka alimsikia akiyatafuta, kama anavyotafuta nati iliyoanguka mchangani. "Basi niimbie hapo hapo," alisema mwisho. "Nasikiliza. Nafunga tu hili tairi la baiskeli."

Kiraka alifungua mdomo. Barabarani watu walipita, hakuna aliyemtazama. Simu ilikuwa imebana sikioni. Upande wa pili spana iligonga chuma, ikagonga tena.

"Hapana," alisema. "Nitakuja huko. Uache kazi, ukae mbele yangu."

"Niache kazi? Kwa muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa mchana kweupe, wewe! Watu watasema nimeugua. Robo saa."

"Sawa. Ila uniangalie, kaka. Wakati naimba usishike kitu."

"Nisishike kitu," kaka alirudia, taratibu, kama mtu anayepewa kazi ngumu asiyoizoea. "Haya. Njoo."

Kiraka akainuka, akajipangusa vumbi la suruali, akaanza kutembea kabla kaka hajabadili mawazo.